Mizunguko Miwili na Robo

Reki ya zamani ilitoka saa nne usiku,
nati ya mwisho ilipolia kama mtoto wa paka
kisha ikakatika. Hatukuisikitikia.
Miaka ishirini na tisa ilikula chumvi
inayomwagwa barabarani Bytom kuyeyusha barafu.
Mpira wake wa vumbi ulikuwa umechanika,
meno meusi nje,
kama mvuta tumbaku aliyechekeshwa.

Nililala chali juu ya kadibodi
chini ya Honda ya kaka yangu, kigari rangi ya biringanya,
kimeshushwa hadi paka hapiti,
viti vya nyuma vimeng'olewa, kioo cha nyuma plastiki.
Gereji yetu ni bati tupu. Februari haipigi hodi.
Spana ikikung'ata unaiachia,
unapuliza vidole, unaishika tena.

Gerard alisimama na taa.
Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo usiku ule: taa.
Tangu dari la mgodi limwangukie begani,
mita mia saba chini ya watu wanaopanga foleni ya mikate,
mkono wake wa kulia hupanda hadi kifuani
na hapo hugoma.
Daktari aliandika: matokeo ya kuridhisha.

Wenzake wanadhani ni mambo ya mashindano,
kona kali, sekunde mbili za kujivunia.
Waache wadhani.
Hawajamwona akitoka kwenye maegesho ya sokoni,
mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, na nusu ya kumalizia,
akiazima mkono wa kushoto, akiurudisha, akiuazima,
uso ameugeuzia dirishani nisiuone.

Hii mpya inataka miwili na robo.
Niliihesabu jikoni, juu ya gazeti,
Mama akiuliza kama hiki ndicho
kilichomeza nusu ya fidia,
na lile dirisha la chumbani je?
"Litasubiri," akasema Gerard.
Mama akasugua sufuria iliyokwisha takata.

Nilimwonya mapema:
ukipunguza mizunguko, unaongeza mzigo.
Chuma hakikopeshi. Ulichookoa kwa urefu
utakilipa kwa uzito.
"Uzito naujua, Halszka.
Urefu ndio ulionishinda."

Tukaipandisha. Haikutaka.
Ikakwama kwenye bomba la ekzosi, ikanipasua kidole gumba,
nikaitukana kwa Kisilesia, lugha ya babu,
ndipo ikaingia.
Nyuzi za tairodi nilikuwa nimezihesabu kabla ya kufungua,
kumi na nane kushoto, kumi na tisa kulia,
nikaziandika kwa chaki ukutani.
Hazikufaa kitu: reki mpya, hesabu mpya.
Tukayalinganisha magurudumu kwa uzi wa kushonea,
stendi hadi stendi, nikiwa nimezuia pumzi.

Kulipopambazuka tulikwenda uwanja wa kiwanda cha koki
kilichofungwa. Theluji ilikuwa haijakanyagwa na mtu.
Kona ya kwanza aliomba kama alivyozoea kuomba,
gari likampa mara moja na nusu,
nikaona ukuta karibu mno, nikaona matofali yake.
Akasimama. Akacheka. Akaomba kidogo.
Misuli ya shingo ilimtoka kwa ule uzito,
lakini mkono haukuvuka kifua.
Akachora nane kwenye theluji,
kisha nane juu ya nane, hadi sikuweza kuisoma.

Njiani kurudi, gari likienda sawasawa,
usukani ulikaa upogo,
upande wa kulia umeshuka.
"Kosa langu," nikasema. "Kesho nitaunyoosha."
Akautazama. Akatazama bega lake.
"Matairi yataliwa?"
"Hapana. Ni usukani tu."
"Basi uache."

Mama alikuwa dirishani, lile lenye ufa na gundi ya karatasi.
Gerard akaligeuza gari uani mara moja,
bila kurudi nyuma.
Halafu, bila sababu yoyote,
akaligeuza tena.